Ng'ombe wa Maziwa Kwenye Bucha

Mume wangu Kingori alichora ng'ombe kwenye kuta za bucha kuanzia Nyeri hadi Embu, na kila ng'ombe aliyemchora alikuwa wa maziwa. Sisemi kwa kumsengenya. Nimemwambia mwenyewe mara nyingi, tena nikimpakulia chakula. Ng'ombe wa gredi, mweusi mwenye mabaka meupe, kiwele kimejaa mpaka kinakaribia magoti, halafu chini yake maandishi mekundu: NYAMA TAMU. Nani anachinja ng'ombe kama huyo? Hata mwenye wazimu angemkamua kwanza.

Lakini Kingori amezaliwa Wamagana, na mtu wa Wamagana ukimtajia ng'ombe, anawaza maziwa. Wale wa nyama, wenye nundu, ni wa watu wengine na wanakuja kwa lori. "Ng'ombe mzuri ni ng'ombe mzuri," alikuwa akinijibu. Wenye bucha nao hawakulalamika, kwa sababu ng'ombe wake alikuwa amebakisha kulia tu.

Alichora vitu vingine pia. Alichora vikombe vya chai vinavyotoa mvuke, chapati, samaki, na wanaume wa kuta za vinyozi wenye nywele ambazo hakuna mwanaume wa kwetu aliyewahi kuwa nazo. Bei yake haikuwa kali, ila alikuwa na sharti moja: mradi picha yake iko ukutani, siku yoyote akipita apewe sahani ya chakula bure. Wenyewe waliiita sahani ya fundi. Ndiyo maana Kingori aliijua miji kwa tumbo. Ukimtajia Karatina, alikutajia chapati. Ukimtajia Wang'uru, alimeza mate.

Kisha yakaja mabango ya kuchapishwa. Mtu anaingia dukani na picha kwenye simu, anatoka na bango la plastiki limekunjwa kwapani. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini hawakuwa wameona bango likijiuza. Kazi ya Kingori ikapungua, ikapungua tena, ikaisha. Akaja kukaa nyumbani. Aliweka kigoda mlangoni pa jikoni langu na kuanza kusimamia. Sukuma wiki imekatwa nene. Moto ni mwingi. Kifuniko kimekaa upande. Nampenda, hilo lijulikane, lakini hata subira ya mwanamke ina ukingo.

Kilichoniogopesha ni siku alipoacha kusimamia. Alikaa tu pale, akiangalia kabichi. Jioni hiyo akaniambia kwamba Muriithi, fundi wa mabati wa huko juu, angekuja Jumatatu na mkokoteni kuchukua ngazi, brashi na sanduku lote la rangi.

"Nimemwambia abebe zote," alisema, kama mtu anayegawa viatu vya marehemu.

Niliogopa sana. Nilijua ngazi ile ikitoka kwenye boma letu haitarudi, na yule Kingori aliyenioa atatoka nayo.

Nikampigia simu Lynn, kitinda mimba wetu, ambaye ana saluni Nyeri mjini. Alinisikiliza huku akimsuka mtu.

"Mum, mpeleke out," akasema. "Wikendi tu. Muende mpaka Embu, mkule mutura, muangalie graffiti, mrudi."

"Graffiti ni nini?"

"Ni michoro ya ukuta, Mum. Siku hizi kuna vijana wanachora kila mahali. Labda akiona watu bado wanachora, ile roho yake itaamka."

Nililikamata neno hilo kwa mikono miwili. Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Kingori hakukubali mpaka nilipotaja mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu.

Sasa, kwetu mtu wa umri wangu hasafiri hivi hivi. Husafiri kwa mazishi, kwa mahari, au kwa hospitali. Jirani yangu Monicah aliniona nikipiga pasi suruali nzuri ya Kingori katikati ya wiki.

"Mnaenda kwa nani?" akauliza.

"Hatuendi kwa mtu. Tunaenda kutembea na kula."

Monicah akanishika mkono. "Mama Lynn, niambie tu. Ni yako ama ni ya mzee?"

"Nini ya mzee?"

"Hiyo ugonjwa."

Niliapa, nikacheka, nikaapa tena. Kadiri nilivyokana ndivyo alivyozidi kunihurumia. Kufikia Ijumaa jioni walikuwa wamekuja akina mama wa kanisa na mikate, ndizi mbivu na maombi. Walimwombea Kingori kwa nguvu mpaka naye akaanza kuhisi mgongo unamuuma. Jumamosi asubuhi tuliondoka na mikate ya watu kwenye kiondo, na nusu ya kijiji ikatupungia mkono kwa huzuni.

Karatina ilikuwa siku ya soko. Ukiona Karatina siku ya soko unajiuliza kama kuna shamba lolote lililobaki na kitu. Viazi, karoti, maparachichi, vitunguu vya majani, mikokoteni inapiga kelele, wanawake wanapiga kelele zaidi. Kingori alitembea mbele yangu kwa mwendo wa mtu anayekwenda nyumbani. Nyuma ya soko kulikuwa na hoteli ambako alichora sahani ya chapati yenye urefu wa mlango.

Hoteli ilikuwepo. Ukuta ulikuwepo. Chapati haikuwepo. Kampuni fulani ya simu ilikuwa imepaka jengo zima rangi yake moja, kuanzia chini hadi paa. Ndani kulikuwa na mwenye hoteli mpya, na harufu ilikuwa ya chapati kweli kweli, za kukunjwa, zenye mafuta.

"Twende tukule," nikasema.

"Hapana. Sahani yangu imefutwa."

"Tutalipa kama watu wengine!"

"Mama Lynn, siwezi kulipa chapati hapa."

Basi akasimama nje na kiburi chake, nami nikasimama na njaa yangu. Kijana mmoja alikuwa anauza smokie, zile soseji za moshi, kwenye kijitoroli. Mimi ni mama wa kanisa, na sijawahi kula nikiwa nimesimama barabarani maishani mwangu. Mama yangu alisema mwanamke anayekula njiani hata mbuzi humdharau. Yule kijana akaipasua smokie katikati, akajaza kachumbari, akamimina pilipili, akaniuliza, "Mathe, niongeze?" Nikasema ongeza. Nilikula nimempa soko mgongo, ili nisijulikane. Ya pili niliila nimegeuka mbele.

Kutoka hapo tulipanda gari hadi Wang'uru, huko Mwea kwenye mashamba ya mpunga. Mchele mpya ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, na wauzaji walikuwa wakiutia mkono na kuumwaga taratibu ili wateja waone ulivyo safi. Hapo Kingori alikuwa na samaki. Samaki mkubwa juu ya mlima wa wali, na limau pembeni. Aliniambia njia nzima kuhusu limau hilo, jinsi alivyoliwekea tone la maji likidondoka.

Tulipofika, hakukuwa na ukuta wa kuuliza. Jengo lilikuwa limebomolewa, na vibanda vya mabati vimejengwa mahali pake.

Tulikaa kwenye kibanda kimojawapo tukaletewa wali na ndengu. Ulikuwa wali mtamu wa Mwea, ule unaonukia kabla hujafunua sufuria. Nilikula na kusifu. Kingori alikula kidogo, akaweka kijiko chini.

"Muriithi akuje Jumatatu mapema," akasema. "Asipange kukuja jioni."

Hapo nilikasirika. Nilikasirikia kampuni ya simu, nikakasirikia waliobomoa, nikamkasirikia Lynn na graffiti yake. Nilikuwa nimemleta mume wangu ajionee jinsi alivyofutwa, mji baada ya mji, na juu ya hayo nikamlipia nauli. Lakini tulikuwa tumeshalipia chumba Embu, na mimi siachi kitu nilicholipia.

"Tunaenda Embu," nikamwambia. "Ukitaka kununa, utanunia huko."

Tuliingia Embu alasiri, jua limelegea. Lynn alikuwa ameniambia tupite nyuma ya soko, na kweli vijana walikuwa wamefanya kazi. Ukuta mmoja ulikuwa na mwanamke ambaye nywele zake zote zilikuwa maua. Mwingine ulikuwa na twiga aliyevaa miwani ya jua. Mwingine ulikuwa na Mlima Kenya, na theluji yake imepakwa rangi ya waridi. Macho hayana pazia. Nilicheka kwa sauti peke yangu barabarani kama msichana.

"Mlima gani iko na theluji ya pinki?" Kingori akauliza.

"Huo wetu. Huwa hivyo saa ya kukamua. Wewe huwa umelala."

Alinitazama, akautazama mlima. Akasogea karibu na ukuta, akanusa rangi. "Hii ni ya kupuliza," akasema. "Mkono haijagusa ukuta kabisa." Lakini niliona jinsi macho yake yalivyofuata mstari wa kilele kutoka mwanzo hadi mwisho, na akarudi kuufuata tena.

Tulipopinda kona tukakuta watu wamezunguka jiko la mutura mbele ya bucha. Moshi ulikuwa mwingi. Juu ya jukwaa la mbao, msichana aliyefunika pua kwa kitambaa alikuwa anapuliza rangi ukutani. Alikuwa amejaza migomba, maua, na ndege wenye mikia mirefu. Lakini katikati ya ukuta alikuwa ameacha nafasi, kama watu wanavyompisha mgeni aketi, na katika nafasi hiyo alisimama ng'ombe wa zamani aliyefifia. Ng'ombe wa gredi. NYAMA TAMU.

Kingori alisimama. Mimi nilisogea karibu, maana kulikuwa na jambo lililonisumbua kuhusu ng'ombe yule; wengine wote nilikuwa nimewaona kwa mbali tu, gari likipita. Pembe ya kushoto ilikuwa imepinda kuelekea jicho. Baka jeupe la usoni lilikuwa limekwenda upande wa pua.

"Huyu ni Kairu!" nikapiga kelele.

Kairu alikuwa ng'ombe wangu. Nilimkamua mwenyewe tangu alipozaa mara ya kwanza hadi uzee ulipomchukua. Maziwa yake ndiyo yaliyomlipia Lynn karo, kuanzia sare ya kwanza hadi chuo cha urembo. Alipokufa nililia, na nikakataza mtu yeyote asile hata ulimi wake; tukamzika chini ya mparachichi.

"Baba Lynn! Mnyama aliyekusomeshea mtoto, ukamweka kwenye bucha? Ukamwandikia nyama tamu?"

Watu wa mutura waligeuka. Kingori alikuna shingo.

"Ningechora gani sasa, Mama Lynn? Ndiye nilikuwa naona kila siku."

"Na wale wa Karatina? Na Nyeri?"

"Wote ni yeye."

Sikujua kama nilie au nimpige na kiondo. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na wanaume wale wakacheka nami ingawa hawakuwa wamemjua Kairu. Ng'ombe wangu alikuwa amesimama kwenye miji yote ya mlima, akiangalia watu wakipita, na mimi nyumbani nilikuwa nikidhani ni mifupa tu chini ya mparachichi.

Kelele hizo zilimtoa mwenye bucha ndani. Anaitwa Njagi, mtu mnene mwenye koti jeupe. Alimwona Kingori akafungua mikono.

"Fundi! Si nilidhani ulikufa! Picha iko, sahani iko! Wewe, katia fundi mutura!"

Alitueleza huku mutura ikikatwa kwamba hakuna mtu anayeita mahali pale kwa Njagi tena. Wote wanasema kwa ng'ombe ya maziwa. Mgeni akipotea mjini, anaambiwa aende asimame kwa ng'ombe ya maziwa asubiri kuchukuliwa. Mwanzoni walikuwa wanamcheka, akasema, lakini mtu akikuja kucheka huwa ananunua nusu kilo.

Msichana akashuka kutoka jukwaani akavuta kitambaa chini. Jina lake ni Kagwiria, na alikuwa na rangi mpaka kwenye kope.

"Ni wewe ulichora hii?" akamuuliza Kingori. "Mzee, usikasirike, lakini hiyo ng'ombe ni ya maziwa."

Nilimpa mkono papo hapo.

"Na shida si hiyo tu," akaendelea. "Angalia huku nyuma. Maji ya mtaro imeingia kwa plasta. Hii nusu yote itaanguka mvua ikikuja. Nimeambia huyu boss tutoe tuweke plasta mpya, amekataa wiki mzima. Ati nizunguke tu. Sasa mwenyewe amekuja. Aseme."

"Hawezi sema hivyo," Njagi akasema. "Hiyo ng'ombe haiguswi. Fundi, mwambie."

Wote wakamgeukia Kingori. Ubao wa mutura ulikuwa mbele yake, nyama inatoa mvuke, na hakuwa ameigusa. Alienda ukutani. Akaweka kiganja juu ya mgongo wa Kairu, akakipeleka nyuma polepole mpaka kwenye nyonga, na plasta ikamdondokea kwenye viatu.

"Ifutwe," akasema.

Njagi alibaki kinywa wazi. Mimi nilijua nilichokuwa nimekifanya. Nilikuwa nimemtoa mume wangu Wamagana nikamlipia nauli aje kuizika kazi yake kwa kinywa chake mwenyewe. Nilitaka kumshika koti nimwambie twende nyumbani.

"Huo mguu ya nyuma ni mbaya," Kingori akasema. "Nilichora mvua ikiwa inakuja, nikaharakisha. Ni kama amekanyaga shimo. Kila siku nikikuja hapa nilikuwa nakula nikiwa nimeipatia mgongo."

"Mguu gani?" Njagi akauliza. "Mimi sijawahi ona kitu!"

"Mimi nimeona miaka yote." Alipangusa mkono kwenye suruali yake nzuri niliyoipiga pasi. "Msichana, uko na brashi?"

"Niko na rola na mikebe tu, mzee."

"Sasa duka ya rangi iko wapi, kabla ifungwe?"

Waliondoka wakikimbia, yeye na Kagwiria, Kingori mbele. Mbio hizo nilikuwa sijaziona tangu Lynn alipokuwa mtoto na ndama akatoroka. Nilibaki peke yangu na ubao wa mutura katikati ya wanaume. Kwetu mutura ni ya wanaume. Wao ndio huijaza, huichoma, huila wakiwa wamesimama, na mwanamke huipokea nyumbani ikiwa imefungwa kwenye gazeti na imepoa. Mwacha mila ni mtumwa, najua. Mchomaji akanisogezea chumvi na pilipili bila kunitazama, kama mtu anayenifichia siri. Nikachukua kipande cha nchani, kile chenye ngozi iliyokauka. Ilikuwa moto, ilikuwa na dania, ilikuwa na damu na mafuta. Nikaelewa kwa nini wanaume huchelewa kurudi nyumbani. Walipaswa kuona aibu kwa kutuficha kitu kama hicho.

Jumapili hatukuenda kanisani. Walianza na mapambazuko kubandua plasta, na Kagwiria akaweka mpya mahali pa ile iliyooza, akaichanganya na kitu cha kukausha haraka. Ilipokauka, Kingori alichukua kipande cha mkaa kutoka kwenye jiko la mutura, akasimama mbele ya ukuta mtupu. Alisimama muda mrefu. Kisha akavuta mstari mmoja, kutoka masikio hadi mkia, bila kuinua mkono.

"Eish," Kagwiria akasema. "Mzee, rudia nione."

"Haiwezi rudiwa. Leta nyeusi."

Walifanya kazi wakigombana siku nzima. Kingori alisema kivuli kinapakwa kwa brashi, Kagwiria akasema kinapulizwa, akampa mkebe ajaribu. Alijipuliza kidevuni. Akajaribu tena, na tumbo la Kairu likavimba ukutani na kuwa duara kabisa. Kingori akageuka kunitazama, kidevu cheusi, meno yote nje. "Mama Lynn, umeona? Tumbo inakuja yenyewe!" Mguu wa nyuma aliuchora mara tatu, na mara zote akaufuta kwa kiganja. Mara ya nne aliuacha. Ulikuwa umesimama chini kwa uzito wake wote, kama mguu wa ng'ombe aliyeshiba.

Watu waliotoka kanisani walijaa na mavazi yao ya Jumapili, wakanunua mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha, wakasimama kutazama. Kila mmoja alikuwa na ushauri. Kingori hakumsikiliza yeyote. Mimi tu ndiye aliyeniuliza, akipiga kelele kutoka juu:

"Mama Lynn! Kiwele ya Kairu, ni upande gani ilikuwa imeshuka?"

"Ya kulia!" nikajibu kwa sauti, mbele ya wachungaji na wazee wa kanisa wa Embu. "Na chuchu moja imetazama nje!"

"Si hata mimi nilisahau hiyo!"

Hapo ndipo simu yake ilipolia mfukoni mwa koti alilonipa nimshikie. Ilikuwa Muriithi. Sikutaka kuipokea. Lakini si ngazi yangu wala si brashi zangu, na nisingeweza kumwamulia. Nilipanda ubao wa kwanza wa jukwaa, nikainua mkono, nikamwekea simu sikioni. Mikono yake yote miwili ilikuwa na rangi. Nilimsikia Muriithi akiuliza kuhusu kesho, kama aje na mkokoteni mmoja ama miwili.

Kingori hakugeuza hata kichwa. Alikuwa anaweka tone jeupe kwenye jicho la Kairu, lile linalomfanya mnyama aonekane anakutazama.

"Muriithi, siwezi ongea saa hii," akasema. "Niko kazini."

Nilikata simu nikaizima. Kisha nikashuka kwenda kuongeza mutura, na machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyapangusa.